Taa Niliyoiweka Magotini pa Mama

Ndugu zangu mliokusanyika hapa, haya niliyaandika nikachana karatasi mara tatu, maana kila nikisoma nilijiona nimejipendelea. Nivumilieni.

Mimi ni fundi redio hapa Kabasa. Sikusomea, nilijifunza kwa kufungua na kuharibu. Kwa hiyo naogopaga sana kukosea, na anayeogopa kukosea, nawaambia, huwa mkali kwa wenzake.

Mama yangu alilima pamba mpaka magoti yakamkatalia. Asubuhi alikuwa anajikokota kwa makalio hadi mlangoni. Hospitali Musoma walisema mifupa ya magoti inasagana. Wakamwekea taa nyekundu ya joto, dakika kumi na tano, akatoka anatembea bila kunishika. Nililia. Lakini safari ya kila wiki ilitushinda.

Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya uhaba. Nikapata balbu ya namna ile Musoma, nikaiundia kishikio, nikapima umbali kwa kamba na muda kwa saa. Mama aligeuzia uso ukutani, kwa aibu ya kufunua magoti mbele ya mwanawe mtu mzima. Kwa hiyo sikuuona uso wake. Nilitazama saa.

Jirani alichungulia. "We fundi, unamkausha mama kama samaki furu?"

Sikucheka. Siku ya tano niliona nafuu ni ndogo, nikafupisha kamba.

"Baba, leo inauma," mama akasema.

"Mama, tulia! Ukitikisika unaharibu kipimo."

Akatulia. Dakika zote. Nilipozima, goti lilikuwa limejaa malengelenge.

Kidonda kile kilioza. Kilikaa miezi. Mama, aliyekuwa anajikokota, sasa hakutoka kitandani kabisa, na chumba kikawa na harufu ambayo wageni walijifanya hawaisikii. Redio za watu zikalala mezani. Nilikuwa nimebadilisha goti bovu kwa goti linalooza, kwa mikono yangu hii.

Jirani yule yule akatutafutia gari la kwenda Musoma. Nesi alipofungua kitambaa akauliza, "Mama, hukusikia inaunguza?"

"Nilisikia."

"Mbona hukumwambia kijana?"

"Nilimwambia. Akasema nitulie. Nikaogopa kumharibia kazi yake."

Ndugu zangu, mimi sikuanguka siku ya taa. Nilianguka hapo. Nikapiga magoti yangu mazima kwenye sakafu ya wodi, nikaomba msamaha, na mama akasema tu, "Inuka, baba, sakafu ni baridi."

Nesi hakunitukana. Alinifundisha kwamba joto la taa ni la kustarehesha, si la kuvumilia, na kwamba linatuliza maumivu tu. Goti halirudi ujana. Alimfundisha mama kunyoosha mguu akiwa kitini, kila siku, taratibu. Namshukuru. Namshukuru na jirani. Utani wake ulikuwa onyo, sikusikia.

Leo mama amekuja hapa kwa miguu yake. Amepumzika mara tatu njiani. Kovu lipo, na mvua zikianza bado anaugulia.

Mwenye kumuuguza mtu, usikipende kipimo chako kuliko sauti yake. Taa tunayo bado. Nimeifungia waya mrefu, na swichi anaishika mama, uso ameuelekeza kwangu. Kuna siku anazima kabla ya dakika kutimia. Mkono unataka kuwasha tena.

Siwashi.