Mama Tone na Kofia ya Mirija Sita

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kututia adabu, Mama Tone anastaafu tarehe 30 Juni. Karakana yetu ya injini za dizeli inabaki na mitambo yote, ila jicho lake anaondoka nalo.

Alianza kama mwosha nozeli, vile vichwa vyenye matundu vinavyonyunyiza dizeli ndani ya injini, akiwa mwembamba kama spoki ya baiskeli. Anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha kupimia, na mlango wake tuliupanua. Asinune, hata mimi mkereza vyuma nimebaki na meno ya kuazima.

Mwaka mmoja ililetwa injini ya pampu ya maji ya mji, inakohoa kama babu mvuta kiko. Tukapima nozeli zake kwa mtindo wetu: matundu sita yanamwaga dizeli kwenye glasi moja, ikifika mstarini, nozeli nzima. Zote zikafika. Injini ikafungwa, ikazidi kukohoa. Bosi akaapa kwamba ikirudi tena, chumba cha kupimia kinafungwa na Mama Tone anahamia stoo kugawa sabuni.

Mama Tone hakulia. Alisema glasi moja inatudanganya: tundu hili linabania, jirani yake linamwaga ovyo, jumla inatoka safi. Akaniagiza nimkerezee kofia ya shaba ya kuivisha nozeli, kila tundu lipate mrija wake na glasi yake. Nikamwambia, shemeji, hiki ni kiwele cha ng'ombe. Akanijibu nikereze kwanza, nicheke baadaye.

Jaribio la kwanza lilituumbua. Dizeli ilitoka na povu, kila mtu akasoma povu lake, tukagombana. Hapo ndipo ilipozaliwa sheria yake: hakuna kusoma wala kugusa meza mpaka povu lilale. Mimi nilifukuzwa kwa kupiga chafya.

Povu lilipolala, mambo yakawa hadharani: glasi moja nusu, ya jirani inafurika. Nozeli mbovu zikatupwa, mpya zikapimwa tundu kwa tundu. Pampu ikanguruma, bomba likatema maji, na bosi aliyesimama karibu kwa madaha akalowa suruali yote. Alicheka kutushinda. Sabuni ikatafutiwa mgawaji mwingine.

Leo karakana za mbali hutuletea nozeli zao, na kofia ni ileile.

Asante, shemeji. Tunakutakia mapumziko marefu, afya tele na mume asiyebania. Siku ya kukuaga tutakumiminia soda. Tafadhali, safari hii kunywa na povu lake.