Dada Msemaji, Ambaye Kifo Chake Kilikanushwa

Kabla ya yote, familia inawaomba radhi wote waliofika hapa wakiwa hawana hakika kama kweli kuna msiba. Familia yenyewe ilichanganyikiwa. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake marehemu, fundi umeme, naye ameagizwa na mama aseme mambo kama yalivyokuwa, bila kuyaremba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba, ambaye ametutangulia, alikuwa mchora mabango. Mama ni fundi cherehani. Jina la Msemaji alipewa na baba akiwa na miaka saba. Siku hiyo mama aliiangusha redio ya baba, betri zikatawanyika sakafuni. Baba hajavua hata viatu, binti akampokea mlangoni: "Shikamoo baba. Redio imeanguka, lakini hakuna aliyeumia, na mama anaendelea vizuri." Baba alicheka mpaka akasahau kuuliza nani aliyeiangusha. Mama anasema hadi leo hajaulizwa.

Alisoma shule ya msingi ya pale pale mtaani, kisha sekondari ya bweni, alikomaliza mwaka 1989. Huko alianzisha gazeti la ukutani, na inasemekana alilazimika kulisahihisha mara nyingi kuliko alivyoliandika. Mwaka 1993 alihitimu chuo cha uandishi wa habari.

Baada ya kuripoti magazetini kwa muda mfupi, mwaka 1996 aliajiriwa na mamlaka ya maji kuwa afisa uhusiano, na hapo ndipo alipobaki hadi mwisho. Enzi hizo kazi ilikuwa ya miguu. Alizunguka vyumba vya habari na bahasha zake za taarifa, akijua mhariri gani haongeleki kabla ya chai, na yupi mtoto wake anaumwa pumu. Bomba likipasuka, alikuwa wa kwanza kusema, na watu walimwamini hata pale maji yalipochelewa kurudi.

Kisha mambo yakabadilika, naye hakuficha kwamba yanamchanganya. Wahariri walipungua, wakaja vijana wenye wafuasi wengi mitandaoni. Aliwapeleka kwenye mitambo ya kusafishia maji, wao wakajipiga picha, mitambo ikaonekana kwa nyuma kidogo. Ikaja programu ya kompyuta inayoandika taarifa kufumba na kufumbua. Aliisoma moja, akamwambia mdogo wake, "Imeandika vizuri kunishinda, ila sielewi inasema nini. Siku hizi naongea na watu wengi ajabu, bwana mdogo, na simjui hata mmoja."

Lakini ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge. Alijifunza. Alirekodi salamu zake za video mapema, akazipanga zitoke zenyewe kila asubuhi kwenye ukurasa wa ofisi. Na wasaidizi wake aliwafundisha sheria moja: uvumi ukanushwe kabla chai haijapoa.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na fundi mitambo wa redio, aliyekutana naye siku kipaza sauti kilipogoma katikati ya mkutano wake na waandishi. Bwana huyo alipomwambia anataka kumuoa, alijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Shemeji anasema hakujua acheke au aondoke, kwa hiyo akabaki amekaa. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka jana moyo wake ulianza kumsumbua. Hapo tena familia haikuelewa kitu. Kila ukiuliza, hali ni ya kuridhisha. Mdogo wake alikaa kando ya kitanda chake siku moja akamwuliza, "Dada, unaumwa au huumwi? Sema tu." Akajibu, "Tutawajulisha," kisha akamshika mkono, akaushika muda mrefu. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, hospitalini, mume na mdogo wake wakiwa kando yake.

Mdogo wake aliandika habari hiyo kwenye kundi la simu la ukoo. Haikupita hata saa moja, video ya marehemu ikatoka kwenye ukurasa wa ofisi, amevaa kitambaa chake cha bluu, anatabasamu: "Habari za asubuhi, wateja wetu wapendwa!" Watu wakausambaza ujumbe wa mdogo wake, wakiiuliza ofisi lipi ni kweli. Aliyekuwa zamu ofisini hakuwa na habari ya msiba, akafuata sheria ya mkuu wake. Ujumbe ule ukarudishwa mitandaoni umegongwa neno jekundu: UVUMI. Upuuzwe.

Shangazi, aliyekuwa ameshakata tiketi ya basi, alipiga simu kwa ukali. "Huna haya wewe! Unamzushia dadako kifo? Nimemwona sasa hivi, kapendeza!" Akarudi kwake na mkoba wake. Majirani walimwonyesha mama ile video, naye akabandika chai, akisema, "Mwanangu anaongea, nyie mnalilia nini?"

Mdogo wake alikuwa ameyafumba macho ya dada yake kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alipolitazama lile neno jekundu kwenye simu, pale koridoni hospitalini, moyo ulimdanganya, akapiga namba ya dada. Ikaita. Iliita ndani ya mfuko wa vitu vya dada, alioukumbatia mwenyewe kifuani.

Mchana ofisi ilitoa taarifa ya kukanusha kule kukanusha. Mama aliikataa. "Asubuhi hajafa, mchana amekufa. Jioni watasema nini? Nipelekeni." Alipelekwa chumba cha maiti. Alisimama karibu na binti yake, akamwita Msemaji, jina alilopewa na baba yake, akasubiri. Uvumi kama huu Msemaji hakuwahi kuuacha upite bila jibu. Mama alisubiri mpaka mhudumu akatazama pembeni, ndipo akamfunika vizuri. "Hajakanusha," alisema. "Twendeni."

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, mama, mdogo wake, na shangazi, ambaye alikata tiketi mara ya pili na sasa amekaa safu ya mbele. Salamu alizorekodi bado hazijaisha, na kesho asubuhi mtamsikia tena. Ofisi ilitaka kuzizima. Mama ameomba waziache hadi ya mwisho, kwa kuwa sasa yeye anajua.

Pumzika kwa amani, dada. Tumejulishwa.