Severin Shemhina, Fundi Aliyetaka Gari Lije na Tope Lake

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo, mafundi wenzake na marehemu, majirani wa Gare na nyote mliopanda milima kuja kutufariji, mimi ni Kristian, kaka yake Raheli ambaye sasa ni mjane, nami nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu wenye haki ya kuisoma wameshindwa. Nikinyamaza katikati msidhani nalia, tangu Jumanne sijaweza kulia, nimekufa ganzi tu. Jambo moja mlijue mapema, wazee walitaka tuseme marehemu aliugua kwa muda mfupi na tuishie hapo, kama ilivyo desturi yetu, lakini Raheli amekataa, amesema ugonjwa utasomwa jinsi ulivyokuwa, maana hataki mtu mwingine wa nyumba hii afe kwa ajili ya heshima.

Marehemu Severin alizaliwa hapa Gare tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa kwanza wa mzee Abrahamu Shemhina, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Alisoma hapa hapa misheni kuanzia mwaka 1953 hadi 1960, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa kufungua baiskeli zao bila ruhusa, ingawa alizifunga tena, na nyingine zilirudi zikiwa nzima kuliko alivyozikuta.

Mwaka 1962 aliajiriwa katika gereji ya shamba la chai huko Bulwa, akaanza kwa kuosha vyuma, akapanda hadi kuwa fundi wa malori, akiishi na watu wa kila kabila na kila dini, hata Kiswahili chake kikapoteza lafudhi ya Kishambaa, jambo ambalo mama yake hakumsamehe. Tarehe 26 Septemba 1970 alifunga ndoa na dada yangu Raheli katika kanisa hili, wakajaliwa watoto watatu, Esteria mwaka 1972, Witness mwaka 1975 na Abrahamu mwaka 1979, ambao wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1991 wafanyakazi walipopunguzwa naye alipunguzwa, akarudi nyumbani, akafungua gereji yake Lushoto mjini pamoja na mdogo wake Tobia, wakati ule soko lilipofunguliwa na pikapu zilizotumika Japani zikaanza kupanda milima hii kwa wingi. Wengi walisema fundi wa shamba hajui magari ya siku hizi, na maneno hayo yalimchoma, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine wala jina lingine.

Wenzake wameomba tueleze habari ya pikapu ya Mbaraka, mchukuzi wa kabichi wa Rangwi, ambaye yuko hapa. Mwaka 1994 gari hilo lilivuja oili kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na Severin alibadilisha sili ya pinyoni, ile pete ya mpira inayozuia oili pale shafti inapoingia kwenye difu, lakini baada ya muda mfupi oili ikatoka tena, akabadilisha mara ya pili, ikatoka tena, na sokoni watu wakaanza kucheka. Sasa Mbaraka ni mtu aliyelelewa vizuri, haendi kwa mkubwa wake na kitu kichafu, kwa hiyo kila akija gereji alipitia kwanza mtoni, akaliingiza gari majini likiwa bado la moto, akalisugua mpaka chini. Mara ya tatu Severin alimwambia aende Rangwi, arudi na asilimwagie hata kopo la maji, na Mbaraka akauliza, "Shikamoo mgoshi, mzee wangu, hili tope lote nikuletee wewe?" Severin akamjibu, "Marahaba, niletee, umekuwa ukiniletea mgonjwa ambaye umeshamfuta jasho."

Gari lilipokuja na tope lake alilala chini yake, akaona njia ya oili ilivyopita juu ya vumbi, kwamba haikutoka gia boksi wala kwenye magurudumu, ilianzia nyuma ya flenji ya pinyoni, kile kisahani kinachofungiwa shafti, na kurushwa pande zote, kisha akapapasa juu ya difu, akakuta tundu la kupumulia limezibwa na udongo mwekundu ulioingia na maji ya mtoni, hivyo oili ikipata moto ilikosa pa kupumulia na kusukuma sili. Alimwaga oili, akashusha shafti, akatia alama ya ponchi kwenye nati na kwenye mhimili wake ili ajue pa kuirudishia, akavuta flenji, akatikisa pinyoni kujua kama beringi zimelegea, hazikulegea, akang'oa sili ya zamani bila kukwaruza nyumba yake, akaipaka mpya grisi mdomoni na kuigonga kwa kipande cha bomba taratibu pande zote, akarudisha nati mpaka kwenye alama na asipitilize, maana ikikazwa kupita hapo huua beringi. Alizibua tundu, akajaza oili, akaendesha mpaka Soni na kurudi, akalala tena chini, pakavu. Tangu siku ile hakuna aliyemcheka, na kila mteja aliambiwa alete gari kama lilivyo.

Mwezi Februari mwaka huu 1998 alianza kukohoa, akasema ni moshi wa magari. Alikwenda kwa daktari akiwa ameoga, amenyoa, amevaa suti ya harusi ya Esteria, akasema amechoka tu, akapewa dawa ya kuchoka, kwa kuwa aliona aibu, na aliogopa wateja wangesikia na kumkimbia. Leso zenye damu alizifua mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kufua hata soksi. Mwezi Julai Raheli aliziwahi kabla hajazifua, akazipeleka kwa daktari jinsi zilivyo, ndipo kifua kikuu kikajulikana, ugonjwa ambao daktari alisema ungepona kwa dawa kama ungeletwa mapema. Msemo wa mficha maradhi kifo humuumbua sote tunao, ila tulizoea kuusema kwa watu wa nyumba nyingine. Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 11 Agosti 1998, saa tisa alasiri, Raheli akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi matangani, mafundi waliochonga jeneza na kuchimba kaburi, na Mbaraka aliyemleta nyumbani.

La mwisho ni la Tobia, mdogo wake, ambaye tangu Pasaka anakohoa na kutuambia ni vumbi la mahindi. Jana, kabla jeneza halijafungwa, Raheli alimwita, wakasimama pale mbele ya kaka yake, akamuuliza mara moja tu, na Tobia akasema kwamba naye anatema damu, akakubali nilisome mbele yenu nyote. Jumatatu asubuhi tunampeleka hospitali. Shemeji Severin, huyu tumemwahi. Wewe lala kwa amani.