Sungura wa Bwenini

Mzee Halvorsen, aliyekuwa msafishaji wa mabweni ya chuo chetu hapa Minnesota, alikaa mbele yangu kwenye basi la chuo, kando ya binti aliyepakata kizimba cha sungura. Sungura alivaa kifulana chekundu kilichoandikwa “Niko kazini”. Mwenyewe alikuwa amelala fofofo.

“Bwenini haingii mnyama,” mzee alisema. “Nimefagia humo miaka thelathini, sheria naijua.”

“Hiyo unayoijua imezeeka, babu. Mimi nina ugonjwa wa hofu. Hofu ikinishika, pumzi zinaniishia. Huyu akinilalia kifuani, zinarudi. Ni haki yangu, kama mwenzangu na kiti chake cha magurudumu.”

“Na hilo vazi ndilo kibali?”

“Mama alidhani hivyo, akaliagiza mtandaoni. Ofisi ya makazi wanataka barua ya daktari tu. Ndiyo naipeleka.”

“Watoto wa zamani walilia usiku kwenye mto wa kulalia, asubuhi wakaenda darasani.”

“Wote, babu?”

Vyumba vya wanafunzi walioacha chuo katikati ya muhula alivisafisha mzee mwenyewe.

Binti akampa kizimba ili aitafute barua begini. Sungura akaamka, akanusa kidole cha mzee, akakilamba. Basi likasimama mbele ya ofisi ya makazi.

“Nimefika, babu. Nipe mtoto wangu.”

“Mnyama ni mnyama tu,” mzee alishikilia, kidole kingali kizimbani.

Kituo chake yeye tulikuwa tumekipita vituo viwili nyuma.