Bwana Mita: Maisha ya Marehemu Urbano Nathanaeli Njiku wa Itigi

Baba Paroko, uongozi wa kitongoji, ndugu zetu wa nyumba ya hifadhi, majirani na waombolezaji wote, tumsifu Yesu Kristo, na kwa wenzetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Lazaro Nathanaeli Njiku, mdogo wake marehemu na kitinda mimba wa mama yetu, na familia imeniagiza niwasomee historia ya kaka yangu, ingawa wengi wenu mnakumbuka kwamba miaka mitano iliyopita niliapa, katika uwanja huu huu, kuwa akifa sitamzika.

Marehemu Urbano alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa Itigi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Nathanaeli Njiku na mama Anastasia, wakulima wa mtama na karanga, na alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1968 hadi 1974 alipomaliza darasa la saba. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, si kwa kukosa akili, bali nafasi zilikuwa chache kama mvua za Itigi, akabaki nyumbani kumsaidia mama, na mwaka huo huo ndipo nilipozaliwa mimi, nikalelewa mgongoni kwake.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa reli kama kibarua wa genge la kutengeneza njia, na mwaka 1991 akawa nyapara, kazi yake kubwa ikiwa kutembea na fimbo ya kupimia njia, maana upana wa reli yetu ni mita moja kamili, ikizidi au ikipungua treni inaanguka. Alipopunguzwa kazini mwaka 2007 alirudi nyumbani na kinyongo kidogo na fimbo ile, na mwaka 2009 parokia ikamkabidhi ghala la zamani la karanga, awe msimamizi wa watu wasio na pa kulala, yaani wazee waliofukuzwa makwao kwa kusingiziwa uchawi, wagonjwa wa akili walioshuka treni wasijue waendako, na yeyote aliyekutwa amelala stesheni.

Alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Loyce tarehe 8 Septemba 1984, wakajaliwa watoto watatu, Dorkas, Shukuru na Kefa, ambao wote wapo hapa, na wote walizoea kwamba chakula cha baba yao hakiliwi nyumbani, kinaliwa ghalani na wenye njaa.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, ghala lile lilikuwa na watu thelathini na saba waliolala kwa kubanana, wakila sinia moja na kunywa kwa kata moja. Marehemu aling'oa mbao za madirisha ili hewa ipite, akatoa mablanketi ya nyumbani kwake hadi lile la harusi, akapima kwa fimbo yake mita moja kati ya mkeka na mkeka, na walipozidi kuwa wengi akawalaza mzungu wa nne, huyu kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Hapo ndipo Bi Mosi, ambaye namwona ameketi pale mbele, alipomwita Bwana Mita, na jina likamganda.

Lakini alikosea jambo moja, na mwenyewe alikiri, kwamba alimpa kila mtu sahani yake na kikombe chake bila kueleza, na wazee wakalia. Bi Mosi alimwambia kuwa hata wanawe walianza hivyo hivyo, kumtengea sahani ya peke yake, kabla hawajamtoa nje kwa jina la mchawi. Kaka yangu alikwenda kuchukua sahani yake, akaketi mwisho wa mstari, mita moja kutoka kwa Bi Mosi, akala nao, na akaendelea kula hivyo kila mlo kwa mwaka mzima, hata shemeji akalalamika kuwa ameolewa na ghala.

Aliweka pia sheria kwamba kila anayetoka mbali akae siku kumi na nne katika banda la pembeni kabla ya kuingia uani. Mama yetu, aliyekuwa amepooza, alikuwa akiishi naye katika vyumba vya msimamizi, uani humo humo.

Mimi nilifika tarehe 25 Aprili 2020, kwa lori kutoka Dar es Salaam, baada ya kusikia hali ya mama ni mbaya, na kaka yangu akanionyesha banda. Nilimtukana, nikamwambia huyu ni mama yangu, siyo reli, naye akasema, "Sheria niliyowawekea wasio na ndugu siwezi kumvunjia ndugu yangu." Mama alifariki tarehe 5 Mei, siku yangu ya kumi na moja, akazikwa kesho yake, nami nikatazama nikiwa nimesimama hatua arobaini kutoka kaburini, bila kutia hata konzi moja ya udongo. Ndipo nikaapa kile kiapo, siku kumi na nne zilipotimia nikaondoka, na kwa miaka mitano sikupokea simu yake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na saratani ya tezi dume mwezi Februari 2023, akatibiwa Itigi na Dodoma, na mwezi uliopita shemeji alipoona hali imebadilika alinipigia, nikaja, shingo upande. Nilimkuta hana sauti tena ya kutosha. Sikumwomba radhi, wala yeye hakuniomba, aliniuliza tu kama nimekula. Tarehe 11 Juni 2025, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, alifariki dunia.

Juzi nilikuwa natafuta tarehe za kuandika humu, nikafungua daftari la zamu la ghala, na kwenye ukurasa wa tarehe 3 Mei 2020 nikakuta mwandiko wake, naunukuu kama ulivyo, "Banda. Lazaro. Homa tangu siku ya tano, leo ya tisa, sahani inarudi imejaa. Watu wasijue, watamkimbia kama mchawi. Mama amemuulizia mara mbili, nimemwambia yuko njiani."

Ndugu waombolezaji, ni kweli. Niliugua mle bandani, harufu ikapotea, chakula kikawa kama majivu, nikaficha, na nilipopona nikaendelea kumchukia mtu niliyejua yuko sahihi, kwa sababu chuki ilikuwa nyepesi kuliko kukiri. Kama angenifungulia, ningeingia na korona kwa mama na kwa nyinyi thelathini na saba. Mwaka ule ghala halikuzika mtu kwa ugonjwa huo, na yeye alikubali nimwite katili mbele yenu, ili nyinyi msinikimbie mimi. Nimeona aibu, na nawaomba msamaha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochota maji na kupika tangu Jumatano, wastaafu wenzake wa reli, na ndugu zetu wa ghala ambao leo mmeketi mmeachiana nafasi ya mita moja moja bila kuambiwa na mtu.

Tukifika makaburini nitatia konzi mbili za udongo, moja kwake, na nyingine kwenye kaburi la jirani yake, la mama, ambaye aliambiwa kuwa niko njiani. Kaka Urbano, nimekula, na nimefika. Pumzika sasa kwa amani.