Mita Iliyozima

Tangu apande basi, mzee alikuwa ameipakata mita ya dashibodi kama kitoto kigonjwa. Jirani yake kitini, fundi umeme wa magari, alishindwa kuvumilia. Mafundi hawajui kuwa abiria tu.

"Baba, hiyo ni ya gari la mbio! Kwa umri huo unashindana na nani?"

"Gari ni la marehemu mwanangu. Mita yake ilizima, nimepata hii iliyotumika. Nataka liwake kama alivyoliacha."

Fundi akashusha sauti. "Pole, baba. Ila hii itaonyesha kilomita za gari la watu. Nipe ile ya zamani, nihamishe alizotembea kijana."

"Kaichukua muuza vipuri. Kwake hupewi kizima mpaka uache kibovu."

"Lo! Umeziacha safari zake zote."

"Si ilikuwa imekufa?"

"Kilichokufa ni kioo, baba. Kumbukumbu imo ndani. Na wale huichinja siku hiyohiyo, wauze vipande."

Mzee aligonga bati la basi kwa kiganja mpaka waliosinzia wakashtuka. Basi liliposimama alikuwa mlangoni tayari, mita kifuani, na kituo chake kilikuwa bado mbali.