Maisha ya Mama Ulimi, Aliyeonja kwa Tumbo

Wafiwa na wote mliofika, mimi mkwe wa marehemu nimeombwa na mume wangu nisome maisha ya mama yake, ambaye wengi mlimwita Mama Ulimi.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 karibu na machimbo ya mawe, akiwa kitinda mimba wa fundi seremala, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1972. Mwaka 1976 aliajiriwa na kiwanda cha chai, akawa mwonjaji, kazi ya kuvuta chai kwa kijiko, kuizungusha mdomoni na kuitema, na wenzake walimtania kwamba akigusa kikombe kwa mdomo anamjua aliyekiosha. Mwaka 1981 aliolewa na dereva wa kiwanda, ambaye naye ni marehemu, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume, akastaafu mwaka 2013.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akapewa vidonge vilivyopakwa sukari, akavimeza kila asubuhi kwa uji niliompikia mimi, kisha akasema mdomoni ni utamu lakini tumboni ni uchungu, kichefuchefu kikamshika, na kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kumdanganya, aliamini kuna mkono wa mtu. Wifi zangu waliniuliza, "We mke wa kaka, unatia nini humo?" Niliuonja uji mbele yao, mwanangu mgongoni, na bado jiko likatiwa kufuli.

Tarehe 9 Juni daktari alitueleza kwamba vipokezi vya ladha, yaani chembe zinazotambua utamu na uchungu, haviko mdomoni tu, vipo pia tumboni, kwenye utumbo na hata kwenye mapafu, havimpi mtu ladha kama ulimi ila huuonya mwili, hivyo sukari ya kidonge ilipoyeyuka, tumbo liliugundua uchungu wa dawa. Alibadilishiwa dawa, akapata nafuu, akacheka akisema, "Kumbe miaka yote nilikuwa natema kabla mwonjaji mkuu hajaonja!" Akanikabidhi ufunguo wa jiko mbele ya wanawe, lakini maneno yalishafika mtaani, na maji yakimwagika hayazoleki.

Alifariki Alhamisi, tarehe 3 Agosti 2023, moyo uliposhindwa.

Tunamshukuru daktari wake, ameketi safu ya pili, naye amekubali kuulizwa na yeyote mwenye shaka, tunawashukuru wafanyakazi wenzake, na majirani, mliokula kwetu jana na mliosema mmeshiba kabla ya kuketi.

Mama, niliyoyaona nimeyasema. Pumzika kwa amani.